Mokami na Barabara ya Guta

Siku Mokami alipovunjika mguu, nyumbani kwake kulikuwa na wanaume tele, vifua kama milango, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumbeba.

Walikuwa wakwe. Gidion, mume wa binti yake Robi, alikuwa amepanda mlima asubuhi hiyo pamoja na ndugu zake kuja kumjengea mama mkwe ghala jipya la mahindi. Hiyo ni heshima kubwa, na Mokami aliipokea kama inavyopokewa: akatoka nyumbani. Kwa Wakurya, mama mkwe na mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawashikani hata mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani ili mwenzake apite. Wenyewe wanaita ensoni. Na ndugu wa mkwe nao ni wakwe vilevile. Basi ili vijana wapige nyundo kwa raha zao, Mokami akachukua ndoo akashuka chemchemini, akateleza kwenye jiwe lilelile ambalo kwa miaka alikuwa akiwapigia wenzake kelele waliangalie.

Mguu ulilia kama kuni kavu. Robi alikuwa wa kwanza kufika, mbio, khanga mkononi. Nyuma yake wakaja wanaume, nao mbio, lakini walipomwona aliyeanguka ni nani walisimama ghafla kama waliokuta mto umefurika. Wakageuka wote, wakatazama bonde.

“Robi,” Mokami alisema pale chini, jasho likimtoka. “Hao walionipa mgongo ni akina nani?”

“Ni Gidion na ndugu zake, mama.”

“Waambie migongo nimeiona, ni mipana, Mungu awabariki. Sasa waulize, kati yao hakuna hata mmoja ambaye si mkwe wangu?”

Robi akauliza, ingawa kila mtu alikuwa amesikia. Gidion akajibu akiwa ameyakazia macho mashamba ya chini: “Mwambie mama hakuna. Hata huyu mwembamba ni mtoto wa mama yangu mdogo.”

“Mwambie mume wako siku nyingine alete hata fundi mmoja wa kukodi!”

Hiyo ilikuwa siku ya mnada huko Nyarero. Wanaume wa mlimani wote walikuwa wameshuka na ng'ombe na mbuzi wao, na waliobaki juu walikuwa wanawake, watoto, na wakwe wa Mokami. Vijana walifanya walichoweza. Walikata miti, wakafunga machela nzuri yenye kamba imara, wakaiweka chini, wakarudi nyuma hatua kadhaa kama watu waliotega bomu. Robi na majirani wakamwinua Mokami, wakamfikisha nyumbani kwa tabu. Lakini kumshusha mlima mzima, kwa njia ile ya mbuzi, yenye mwamba upande huu na korongo upande ule, wanawake wale wasingeweza. Wakangoja. Wanaume waliporudi jioni, wakiongozwa na Wangwe, mdogo wa marehemu mume wake, ndipo machela ikashuka. Mguu ulikuwa umevimba kama mtungi. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, na daktari alisema waziwazi kwamba angefikishwa mapema asingechechemea.

Mlima Gesebere ni hivyo ulivyo tangu zamani. Watu waliupanda kwa sababu ni mgumu kupandwa. Babu wa babu zao walikaa juu ili wezi wa ng'ombe waonekane wakiwa bado mbali huko nyikani, na kuta zao za mawe, zilizozunguka nyumba na mazizi, zipo mpaka leo. Watoto wanazichezea na mijusi inazikalia. Ukisimama juu asubuhi wakati hakuna ukungu, kusini unaona bonde la Mto Mara na nyuma yake tambarare za Serengeti, kaskazini unaona mabati ya Sirari yakimetameta, na baada ya hapo Kenya. Udongo ni mwekundu na mnene. Kahawa inakubali, ndizi zinakubali, wimbi unakubali. Kinachokataa ni magurudumu.

Mwaka wa sabini na nne, wakati wa vijiji vya ujamaa, lori lilisimama chini ya mlima na watu wote wa Gesebere wakaambiwa wahamie barabarani. Mokami alikuwa mtoto wa kubeba kuku. Anakumbuka kuku huyo alivyokuwa akimpiga mabawa usoni, na mama yake alivyofunga mlango wa nyumba ambayo hakuna aliyekuwa akirudi kulala ndani yake. Walikaa huko chini kwenye mistari. Halafu, bila tangazo wala kelele, watu wakaanza kurudi juu, nyumba hii mwaka huu, nyumba ile mwaka kesho. Baba yake Mokami hakurudi. Alishazoea kuishi karibu na duka. Mokami alirudi kwa kuolewa. Wachumba walikuwepo, mmoja hata alikuwa na nyumba ya bati mjini Tarime, lakini alimchagua Marwa wa mlimani. Watu husema alimpenda Marwa. Yeye husema aliupenda mlima, na Marwa alikuwa juu yake.

Sasa Marwa amekufa, na mguu umepinda, na mtoto wa kiume, Heche, ambaye anafanya kazi kwenye kambi ya watalii huko Natta, akapiga simu.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba. Tembo hawajambo?”

“Mama, sikiliza. Nimepata chumba kizuri Mugumu, karibu na hospitali. Maji yapo bombani. Ukishavuna wimbi nakuja kukuchukua.”

“Unichukue kama nini? Kama godoro?”

“Mama, mguu huo ukivunjika tena utakufa huko juu huku wakwe wako wakitazama bonde. Tumezungumza mimi na Robi. Na kwa Robi huwezi kuishi, Gidion yupo. Kwa hiyo ni Mugumu.”

“Mimi nimeshahamishwa mara moja katika maisha yangu, Heche. Nilikuwa na kuku. Mara ya pili sitaki.”

Heche ni mtoto mzuri, ila ukaidi aliurithi kwa mama. “Haya,” akasema. “Siku gari litakapofika mlangoni kwako, mimi nitanyamaza kabisa. Likiwa halijafika mpaka wimbi uvunwe, unakuja Mugumu na hatubishani.”

“Umesema mlangoni?”

“Mlangoni.”

“Haya,” alisema Mokami, akakata simu yeye wa kwanza.

Aliyemfungua macho alikuwa Mwajuma, mfanyabiashara wa ndizi wa mjini Tarime, aliyekuja kumpa pole. Mwajuma ni mwanamke wa kuvaa hijabu safi hata kwenye matope. Alifika juu akihema, viatu mkononi, akaketi kwenye kigoda na kwanza akaomba maji.

“Mama Robi, mimi ndizi zako nazipenda, ila mlima wako utaniua. Kila mkungu unashuka kichwani mwa mtu. Ningekuwa na njia, ningeleta guta langu mpaka hapa.”

“Guta lipi? Lile pikipiki lenye kitanda nyuma?”

“Hilo hilo. Magurudumu matatu. Linabeba mikungu, linabeba mifuko ya saruji, juzi limebeba bibi harusi. Anayeliendesha siku hizi ni mkwe wako Gidion, nimemwajiri. Hajakwambia?”

“Ataniambiaje, Mwajuma, na mimi na yeye hatuzungumzi?”

Wakacheka mpaka Mwajuma akajifuta machozi. Lakini baada ya mgeni kushuka, Mokami alikaa akitazama njia ile ya mbuzi, na hakuwa anacheka tena. Guta lina kitanda nyuma. Anayekaa nyuma hamshiki dereva, hamgusi, hata kumtazama hamtazami akiamua kutazama alikotoka. Guta linambeba mgonjwa amelala. Guta linambeba hata mama mkwe.

Kesho yake akachukua fimbo yake, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Machage.

“Shikamoo mwenyekiti. Nataka risaga.”

Risaga ni kazi ya pamoja: mwenye kazi anaita, kila nyumba inaleta mkono, na wewe kesho utaenda kwa wengine. Machage alijikuna kidevu.

“Ya kupalilia?”

“Ya barabara. Kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni kwangu, na nyumba zote za njiani zitafaidi.”

“Mama Robi, barabara tumeiomba serikalini.”

“Endelea kuomba, mwenyekiti, usiache. Sisi tutakuwa tunachimba.”

“Na pombe utapika kiasi gani?”

“Hakuna pombe. Togwa na mbuzi.”

“Risaga bila pombe!” Machage alitoa macho. “Nani atakuja?”

“Risaga ya pombe si tuliiona mwaka juzi? Mlichimba mpaka saa nne, baada ya hapo mkapigana. Barabara ikaishia kwenye mwembe wa shule, na Nashoni akaishia kushonwa kichwa. Atakayetaka pombe akanywe kwake. Atakayetaka mke wake ashushwe na guta siku ya uchungu, aje na jembe.”

Maneno hayo yalitembea mlima mzima kabla hajafika nyumbani, na walioyabeba walikuwa wanawake. Hivyo siku ya kwanza watu walikuja, wengine wakiwa wamesukumwa na wake zao kama ndama wa kwenda joshoni. Wakapanua, wakavunja mawe, wakajaza mashimo. Mokami hakuchimba, alikaa kwenye jiwe akiwa amenyoosha mguu wake mbovu mbele, na ulimi ukachimba badala yake. “Mura, hilo jembe unalibembeleza au unalitumia?” “Wewe hapo, pana! Nimesema pana! Nataka guta, sitaki nyoka!”

Kila kitu kikaenda vizuri mpaka kona ya mwamba.

Pale mlima umebana. Kushoto ni mwamba ambao haupasuki kwa jembe la mtu yeyote, kulia ni kahawa ya Wangwe, na baada ya kahawa ni korongo. Wangwe, shemeji yake, alikuwa amekuja kwenye risaga, hawezi kukosa kwenye mbuzi, lakini walipofika kwenye kahawa yake alisimama mbele ya safu ya kwanza na kuweka panga begani.

“Pikipiki ipite,” akasema. “Nitatoa safu moja. Pikipiki inatosha.”

“Pikipiki sitaki, shemeji.”

“Dunia nzima inapanda pikipiki, wewe tu hutaki?”

“Waendesha pikipiki wa njia hii ni nani? Ni wadogo zake Gidion. Unataka nikae nyuma ya mkwe wangu nimshike kiuno, niteremke mlima nimemkumbatia, nipite sokoni hivyo?”

Watu wakaangua kicheko. Hata Wangwe alicheka, lakini hakusogea.

“Na mjamzito,” Mokami akaendelea, bila kucheka, “utampakiaje? Kwa ubavu? Shemeji, nahitaji safu tatu.”

“Safu tatu za kahawa ya baba yangu! Kahawa hii imenisomeshea watoto.”

“Najua. Nimeipalilia, kwenye risaga zako.”

Hapo ndipo Wangwe alipofanya kosa. Alikuwa mbele za watu, na mtu akiwa mbele za watu hataki kuonekana bahili. Anataka aonekane mtoaji ambaye mwenzake ndiye aliyekataa. Akatazama juu, kuelekea nyumbani kwa Mokami, kwenye lile zizi la zamani la marehemu Marwa. Ng'ombe walikuwa wameshaibwa zamani, zizi likabaki, na kwenye mbolea ile nyeusi ya miaka mingi Mokami alikuwa amepanda migomba. Mkungu mmoja wa pale mtu anaubeba kwa kupumzika njiani. Ndizi hizo ndizo Mwajuma alizokuwa akipandia mlima viatu mkononi. Kila mtu alijua Mokami hawezi kutoa zizi lile. Wangwe alijua kuliko wote, ndiyo maana akalitaja.

“Basi tubadilishane,” akasema kwa sauti ya kusikika. “Safu zangu tatu, kwa zizi la kaka yangu. Ukikubali, leo hii naikata kahawa kwa mkono wangu.”

Majembe yalisimama. Machage akakohoa. Mwanamke mmoja akasema “Wangwe, jamani!”

Mokami alifikiria migomba ile, alivyoipanda mmoja mmoja baada ya Marwa kufa, siku ambazo asingepanda kitu angelala mchana kutwa. Akafikiria chumba cha Mugumu, kizuri, chenye bomba, ambacho atakaa ndani yake akitazama ukuta wa jirani. Migomba ina machipukizi. Machipukizi yanahamishika.

“Zizi lote?” akauliza.

“Lote.” Wangwe alianza kutabasamu.

“Chukua.”

Tabasamu likakwama.

“Shemeji, sikuwa na maana...”

“Mwenyekiti, umesikia alivyosema?”

“Nimesikia,” alisema Machage, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kufurahia uenyekiti wake.

“Na nyie mmesikia?”

“Tumesikia!” waliitika wote, na wanawake walisikika zaidi.

“Machipukizi nayahamisha mimi. Ardhi ni yako. Haya shemeji, panga si unalo begani? Mkono wako si huo?”

Wangwe alisimama kidogo, kama mtu aliyenunua mbuzi akakabidhiwa ng'ombe na hajui ng'ombe huyo atampeleka wapi. Halafu, na hili lazima lisemwe kwa haki yake, hakurudi nyuma. Aliikata kahawa ya baba yake kwa mkono wake, mti baada ya mti, mpaka shati likamganda mgongoni, na hakumruhusu mtu mwingine amsaidie. Alipomaliza, akaja pale Mokami alipoketi, akapokea kikombe cha togwa, akanywa amesimama.

“Shemeji,” akasema taratibu, “migomba iliyopo, vuna wewe mpaka ichoke. Mimi nitapanda kahawa katikati yake.”

“Nitavuna. Na asante sitasema, maana umenikaba mbele za watu.”

“Wewe ndiye uliyenikaba.”

“Basi tumekabana. Ongeza togwa.”

Wimbi ulivunwa. Asubuhi Heche alipokuja kumchukua, Mokami alikuwa ameamka mapema, amefagia uwanja, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, fimbo magotini. Alisikia mlio kabla hajaona kitu: injini ikikoroma kwenye kona ya mwamba, ikinyamaza, ikakoroma tena kwa hasira. Watoto walitangulia wakipiga kelele. Halafu guta la Mwajuma likatokea juu ya ukingo, jekundu, limejaa vumbi. Gidion alikuwa kwenye usukani, na nyuma kwenye kitanda alikaa Robi pamoja na Heche, Heche akiwa ameshika vyuma kwa mikono miwili, na begi kubwa tupu alilolileta kwa ajili ya nguo za mama yake.

Gidion alileta guta mpaka mlangoni, gurudumu la mbele likagusa kizingiti, kisha akazima injini, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya ghala alilolijenga mwenyewe, akatazama bonde.

“Mama, shikamoo,” Heche alisema akishuka. Alikuwa anajipangusa vumbi kuliko ilivyohitajika.

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?”

“Na guta.”

“Limefika wapi?”

Heche alitazama gurudumu, akatazama kizingiti. Robi aliziba mdomo kwa khanga. “Mlangoni,” Heche akasema.

“Ulisema utafanya nini likifika mlangoni?”

Heche hakujibu, kwa kuwa jibu lenyewe lilikuwa ni kunyamaza.

“Vizuri. Hilo begi lirudishe ulikolitoa. Na guta haliwezi kushuka tupu, Mwajuma anangoja mizigo yake. Vua hilo shati la kambini, pakia mikungu.”

Wakapakia, Heche na Robi na majirani, mpaka kitanda cha guta kikajaa ndizi za zizi la zamani, za mavuno ambayo Wangwe hakuyadai. Nyuma kabisa, kati ya mikungu miwili, Mokami aliacha nafasi ya mtu mmoja. Akapanda mwenyewe kwa fimbo yake, akakataa kushikwa, akaketi akitazama nyuma kuelekea nyumbani, khanga kichwani. Alikuwa na miadi ya daktari kuhusu mguu, na alikuwa na nia ya kumwonyesha daktari huyo kwamba sasa atafika mapema.

“Robi!” akaita. “Mwambie mume wako mimi nimekaa.”

“Gidion, mama amekaa.”

Gidion akatoka nyuma ya ghala, uso chini, akazunguka kwa mbele, akaketi kwenye usukani bila kugeuza shingo hata kidogo.

“Mwambie kwenye kona ya mwamba apunguze mwendo.”

“Anasema upunguze mwendo kwenye kona.”

“Mwambie mama nimesikia,” alisema Gidion.

“Na mwambie,” Mokami akaongeza, injini ikianza kunguruma, “jioni anirudishe hapahapa. Mlangoni.”